Mama Asiambiwe, Ana Presha

Mama yangu alipoambiwa ana presha, alicheka.

Tulikuwa tumekwenda zahanati kwa sababu ya goti. Mama ni mshonaji. Amekanyaga cherehani zaidi ya nusu ya maisha yake, na goti la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua. Daktari, kijana mpole mwenye haraka, hakuligusa goti kwanza. Alimfunga ule mkanda mkononi, akapima, akaangalia, akapima tena.

"Mama, una presha," akasema.

"Presha?" Mama alicheka kwa dhati, mpaka mtandio ukamteleza. "Baba, presha nitaitoa wapi mimi? Wanangu wazima, sina ugomvi na mtu, usiku nalala usingizi wa kitoto."

Daktari akatabasamu, akaandika vidonge, akasema kimoja kila siku, akaita mgonjwa mwingine. Hakueleza zaidi, na sidhani kama aliona kuna la kueleza. Alikuwa ametamka neno ambalo kila mtu Tabora analijua. Balaa letu lilianzia hapohapo, maana yeye alisema presha ya kwake, Mama akasikia presha ya kwake.

Wiki ya tatu nilikuwa nafuta vumbi kabatini nikakuta pakiti ya vidonge karibu imejaa.

"Mama, hivi vidonge hunywi?"

"Nakunywa."

"Mbona vimejaa?"

"Nakunywa nikiwa na presha," akanijibu, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa. "Juzi shoga yangu alipokuja kunieleza habari za talaka ya bintiye, nilikunywa kimoja. Jana sikuwa na presha. Ningekinywa cha nini?"

Mimi nimefundisha lugha sekondari, Kiswahili na Kiingereza, tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Kama kuna kitu duniani nilijiona nakiweza, ni kumweleza mtu maana ya neno. Nilivuta kigoda nikakaa karibu na cherehani yake. Nikamwambia kwamba presha ni neno la Kiingereza, na Waingereza nao hawakulitunga, walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, na huko mwanzo kabisa lilikuwa na maana ya kubana tu, kukandamiza, kama mtu anavyokandamiza tui kwenye kichujio. Hakuna mawazo humo. Hakuna huzuni wala hasira. Ni damu inayosukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, basi.

Mama alisikiliza huku anatunga uzi kwenye sindano.

"Kwa hiyo damu inabana."

"Ndiyo."

"Inabana kwa sababu ya mawazo."

"Hapana, Mama!"

"Sasa mbona unafoka? Unanipandisha presha."

Hapo niliinuka nikaenda jikoni.

Sitaki kumbebesha Mama lawama zote. Kiingereza chenyewe ni mkosaji. Neno lao hilo wanalitumia kwa maji ya bomba, wanalitumia kwa upepo wa gurudumu, na wanalitumia pia kwa mtu aliyesongwa na kazi au shida. Tulipolipokea, tulilipokea na mzigo wake wote. Na mji wetu ni mji wa kupokea. Maneno mengi yalifika hapa na misafara, pamoja na shanga na vitambaa, vichwani mwa watu waliokwishatembea miezi, na wenyeji hawakuwa na desturi ya kuliuliza neno limezaliwa wapi. Waliuliza linafanya kazi gani. Presha ilipofika, ikapewa kazi zote kwa pamoja: timu ikifungwa ni presha, mtihani ni presha, mkwe akija bila taarifa ni presha. Halafu daktari analitumia neno hilohilo kumweleza mtu kuhusu mishipa yake ya damu, na anatarajia aeleweke.

Nilijaribu kulibadilisha. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nasema "shinikizo la damu" kila mara, nikidhani neno jipya litakuja na maana safi. Mama alilikataa siku ya kwanza.

"Hilo ni la redioni," alisema. "Mimi nina presha."

Aliyenisaidia, au niliyedhani amenisaidia, ni fundi baiskeli wa mtaani kwetu hapa Ipuli. Ni mzee wa makamo, mswalihina, mwenye sauti kubwa kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri. Siku moja tulipita kibandani kwake Mama akiwa ananilalamikia kwamba namlazimisha dawa wakati ana furaha. Fundi akadakia.

"Bi mkubwa, hebu njoo." Alishika gurudumu la baiskeli lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe. "Bonyeza hapa. Umeona? Sasa niambie, mpira huu una mawazo?"

Mama akacheka. "Mpira utakuwaje na mawazo?"

"Hauna. Haujafiwa, haujaachwa. Nje unang'aa. Lakini presha imezidi. Ukikaa juani hivi hivi, wenyewe bila kuguswa na mtu, paa!"

Mama aliacha kucheka. Alibonyeza tena kwa kidole gumba, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza niliona kitu kimemwingia. Nilifurahi kiasi kwamba nusura nimkumbatie yule mzee mbele za watu. Miezi yote ya Kilatini na Kifaransa, kumbe ilihitajika baiskeli.

Siku tatu baadaye Mama aliamka mapema akaenda kijijini Ntalikwa kwa binamu yake. Alirudi mchana, anatembea polepole, macho yamelegea. Alipovua mtandio ili anawe, nikaona mabegani alama za mviringo, nyekundu, zimechanjwa.

"Mama! Nini hiki?"

"Nimeumikwa damu. Kuna mzee kule anatumia pembe, mkono wake mwepesi."

"Kwa nini?"

"Si mmesema imezidi?" aliniuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya alichoagizwa. "Mpira ukizidi presha unatolewa upepo. Nimekwenda kutolewa."

Nilikaa chini. Kisha nikainuka nikachemsha maji, nikamsafisha zile chale.

Wakati huo ugonjwa wa Mama ulikuwa umeshakuwa sheria ya ukoo mzima, na sheria yenyewe ilikuwa fupi: Mama asiambiwe, ana presha. Aliyeitunga ni kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye kila akipiga simu huanza na mimi, kwa sauti ya chini, kuuliza kama Mama yuko karibu. Mjukuu aliposhindwa mtihani, Mama aliambiwa matokeo hayajatoka. Mbuzi wake aliyefugwa Ntalikwa alipoliwa na fisi, Mama aliambiwa mbuzi amepelekwa kwa beberu mzuri akapandishwe. Aliulizia watoto wa mbuzi huyo kwa muda mrefu.

Na Mama naye hakuwa mjinga. Aliona neno lina nguvu, akaliokota. Asipotaka kula mboga isiyo na chumvi, namtia presha. Nikimkumbusha kidonge, namtia presha. Akitaka nimwachie redio, ninyamaze, nitoke barazani, presha. Nilikuwa nikiishi na neno moja la kukopa kama mtu anayeishi na mpangaji mkorofi.

Kisha, mwaka wa tatu wa presha ya Mama, mjomba akafariki.

Mjomba alikuwa mdogo wake Mama, wa tumbo moja, na ndiye pekee aliyebaki. Alilima Lusu, upande wa Nzega. Kila kiangazi alimpelekea dada yake michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na mwaka ule pia alikuwa ameituma kwa basi. Niliichukua stendi siku ya Jumatatu. Jumanne asubuhi simu ikalia. Mjomba alikuwa ameanguka shambani na hakuinuka. Wangemzika siku hiyohiyo baada ya alasiri.

Lilikuwepo basi. Tungeweza kufika. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa chumba cha Mama kaka aliponipigia.

"Usimwambie."

"Ni mdogo wake."

"Ukimwambia hivi hivi tutazika wawili. Ana presha yule. Tutamwambia polepole."

"Polepole ndiyo lini?"

"Baada ya arobaini. Tukiwa wote hapo, tumkalishe."

Nilimwambia kwamba ugonjwa wa Mama hautokani na habari. Nilimwambia kwamba neno linamdanganya. Akanijibu, "Wewe ni mwalimu, si daktari. Akianguka mikononi mwako utasemaje?" Na mimi, niliyejua, mimi niliyekuwa nimezunguka nyumba nzima na Kilatini changu, niliogopa. Niliachia kitasa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote mpaka leo. Wengine walikosea kwa kutojua, mimi nilijua, na bado nikatii.

Sikwenda kuzika, maana ningesema ninakwenda wapi? Nilibaki nyumbani, nikafua nguo zilizokuwa safi.

Jumatano Mama alipika michembe kwa karanga. Nyumba nzima ilinukia. Alipakua, akaonja, akafumba macho kwa utamu.

"Mpigie mjomba wako nimshukuru."

Nikachukua simu, nikabonyeza namba ya marehemu, nikaiweka sikioni. Yule mwanamke wa kwenye mtambo akasema maneno yake.

"Haipatikani, Mama."

"Yuko shambani. Tutampata jioni."

Jioni haikupatikana. Alhamisi asubuhi akaniambia tena, na tena haikupatikana, na Mama akasema mdogo wake tangu utotoni hakuwa mtu wa kutunza kitu, hata simu ataiacha izime. Nilimeza michembe ile kama nameza mchanga.

Ijumaa fundi baiskeli alikuwa anatoka msikitini. Mama alikuwa barazani anapinda mshono wa dera, mimi namchambulia mchele. Fundi alisimama, akavua kofia, akasema kwa ile sauti yake kubwa:

"Bi mkubwa, pole sana na msiba. Kuna mtu wa Nzega ameniambia leo tu. Mungu amrehemu mdogo wako."

Nilimtazama Mama. Sindano ilibaki imechomwa kwenye kitambaa. Fundi aliona nyuso zetu, akaelewa kwamba kuna jambo amelitibua, akasema pole mara mbili zaidi, akaondoka bila kuvaa kofia.

"Lini?" Mama akauliza.

"Jumanne."

"Wamezika?"

"Jumanne hiyohiyo."

"Nani anajua?"

Niliweka ungo wa mchele chini. "Wote," nikasema.

"Isipokuwa mimi."

"Mama, tuliona..."

"Na wewe ulikuwa unapiga simu ya nani? Jana na juzi, ulikuwa unampigia nani?"

Nilianza kulia, na yeye hakulia. Alikunja dera vizuri, pindo juu ya pindo, akaliweka kwenye kapu.

"Mtoto yule nimembeba mgongoni," alisema. "Mama yetu akiwa kisimani, mimi ndiye nilikuwa mama yake. Mmeninyima kumuona akiingia ardhini kwa ajili ya neno la Kizungu."

Akasimama. Nilidhani anataka kulala. Alikwenda kuchukua mtandio wake wa kutokea.

"Twende zahanati."

"Unajisikia vibaya?"

"Twende wakanipime hiyo presha yenu. Kama nitakufa kwa habari, nife mbele ya wataalamu."

Njiani nilimshika mkono, akauondoa. Zahanati alikuwapo nesi mmoja tu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimwamkia Mama shikamoo, Mama akaitika marahaba kwa sauti kavu, akanyoosha mkono mwenyewe. Nesi alipima, akaangalia daftari la Mama, akapima tena.

"Bibi, iko juu. Lakini ni kama ya mwezi uliopita tu. Na kama ile ya wakati wa Idi."

"Ya Idi nilikuwa na furaha," Mama akasema. "Leo nimefiwa na mdogo wangu."

"Pole sana, bibi." Nesi aliweka kalamu chini. "Mtu akishtuka inaweza kupanda kidogo, halafu ikashuka. Lakini ugonjwa wako wewe upo ukicheka na upo ukilia. Haukuulizi. Vidonge unakunywa lini?"

"Nikiwa na presha."

Mimi nikavuta pumzi ili niingilie, nesi akanizuia kwa kiganja bila hata kunitazama.

"Bibi unaswali?"

"Alhamdulillahi. Vipindi vyote."

"Unaswali siku ukiwa na shida tu?"

"Astaghfirullah! Swala ni kila siku, kuwe na shida kusiwe na shida."

"Basi na kidonge ni hivyo. Ukitoa salamu ya alfajiri, kunywa. Usikiulize moyo wako unajisikiaje."

Mama alifikiri. "Kumbe," akasema.

Basi, kumbe tu. Miaka karibu mitatu nilieleza asili ya neno, historia yake, maana zake zote na mipaka yake, na mwanamke yule alilipita neno lenyewe kama mtu anavyolipita dimbwi, akafika ng'ambo kwa maswali mawili. Nilimshukuru, lakini nakiri kwamba ndani niliona wivu.

Nesi ndipo akanigeukia. "Na wewe mwalimu, umekaa bure. Lete mkono."

Yangu ilikuwa juu kuliko ya Mama.

Nataka niseme ukweli kuhusu kilichonijia kichwani wakati ule. Sikufikiria mishipa. Nilisema, kwa sauti, mbele yao wote wawili: "Ni kwa sababu ya siku hizi nne. Ni huu msiba, na uongo wote niliosema. Nikipumzika itashuka." Nesi akaandika, akasema wote tunasema hivyo, nirudi baada ya wiki, kisha nirudi tena. Nilirudi mara zote. Nilikuwa nimelala, nimepumzika, nimesamehewa hata. Haikushuka. Ilikuwa imekaa humo pengine miaka, kimya, mimi nikihubiri.

Jumapili tulipanda basi kwenda Lusu. Mama alikaa dirishani njia nzima, amenigeuzia mgongo. Mke wa mjomba alitupokea uani akiwa amejifunga kanga nyeusi ya msiba, akamkumbatia wifi yake, na la kwanza alilosema lilikuwa kujitetea.

"Wifi, mimi nilitaka usubiriwe. Wakaniambia una presha."

"Najua," Mama akasema. "Ninayo. Nitakufa nayo siku yangu ikifika. Nioneshe alipolala."

Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba la karanga, udongo bado mwekundu, haujapigwa na mvua. Mama alipiga goti lake bovu chini, akaweka kiganja juu ya udongo, akazungumza na mdogo wake kwa Kinyamwezi, lugha ambayo nyumbani kwetu mjini aliiacha zamani. Sikuyapata yote. Nilisikia jina la utani la utotoni, nikasikia akimshukuru kwa michembe. Hapo ndipo alipolia, na alilia sana, na hakuanguka. Wifi yake alimshika upande mmoja, mimi nikamshika mwingine, na safari hii hakuuondoa mkono wangu.

Asubuhi yake, baada ya alfajiri, nilimsikia akiomba maji ya kumezea dawa.

Tangu hapo hajaacha. Chumvi pia amekubali kuipunguza, na pembe za Ntalikwa hajazirudia, ingawa bado anasema presha ya kushuka ndiyo mbaya zaidi, na kwamba mlio wa pikipiki unapandisha. Nimechoka kubishana. Mimi nakunywa kidonge changu baada yake, tunaachiana glasi moja, na baadhi ya siku nikisahau ananifokea kwa maneno ya nesi kana kwamba ameyatunga mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni nakoroga uji. Mama akaingia na simu mkononi, akasimama mbele yangu.

"Kaka yako anapasuliwa kesho. Ni uvimbe tumboni, daktari amesema haoni hatari. Ameniambia nisikwambie, una presha."

Niliacha kukoroga.

"Nimemwambia sawa, sitakwambia," Mama akaendelea, akizima moto chini ya sufuria kabla uji haujamwagika. "Haya, kaa chini umpigie. Na usianze kwa kumfokea, mgonjwa yule."

Nilikaa. Nilipiga. Kaka alipokea, akasikia ni mimi, na kabla sijasema hata habari za asubuhi akauliza, kwa ile sauti yake ya chini ya miaka yote, kama presha yangu ni nzuri leo au apige baadaye.

Nilimfokea.